Msitu wetu na sheria zake

Msitu wa Congo ulitawaliwa kwa sheria ya Wabelgiji ya mwaka 1949 hata mwaka 2002. Sheria hiyo ilihesabu mbao; moshi haikuujua. Mwaka 2002 Serikali ilikataza kugawa sehemu mpya za kukata miti, kisha ikatoa sheria mpya. Katazo halikushikwa sawasawa.

Mwaka 2012 ukaja mpango wa inchi nzima wa kupunguza hewa chafu inayotokana na kuharibu msitu: kuanzia 2030 msitu ubaki asilimia 63.5 ya inchi. Vema. Lakini nani anaangusha miti? Si kampuni za mbao tu. Ni baba anayechoma pori apande mihogo, ni mama anayeuza makala, maana mijini nyumba nyingi hazina umeme wa kupikia. Kumkataza mama huyo bila kumpa kazi nyingine ni kumnyima chakula.

Kwa hiyo amri ya mwaka 2014 naiona kubwa kuliko ahadi zote za fedha za Ulaya: kijiji chaweza kuandikiwa msitu wake, hata hektari 50,000, bure na kwa siku zote. Karatasi hiyo vijiji vingi havijaipata bado.