Utitiri wa Reptilia na Jongoo wa Kufugwa

Utitiri wa reptilia na jongoo ni jina la jumla la araknida wadogo wa kundi la Akari wanaoishi juu ya nyoka, mijusi, kobe, jongoo, nge, buibui na konokono. Porini huwa wachache na hawana madhara makubwa. Ndani ya sanduku, kizimba au mfuko wa kusafirishia huongezeka upesi, na aina zinazonyonya damu zinaweza kumuua mnyama. Kusini mwa Tanzania jambo hili linahusu zaidi Newala na Masasi, hadi Lulindi. Eneo hilo lilitoa nyoka wengi kwa bustani za wanyama za Ulaya na Marekani katikati ya karne ya 20, na jongoo wake wakubwa ni wa jamii ileile inayotafutwa na wafugaji wa ng'ambo.

Jina na uainishaji

Kwa wakazi wengi wa uwanda wa juu wa Makonde, ulipo mji wa Newala, utitiri ni mdudu wa kuku: vidoa vinavyotembea kwenye mkono wa aliyetoka kuokota mayai, na sababu ya kibanda kumwagiwa majivu. Jina hilohilo hutumika kwa wadudu wa mihogo na kwa wale wa nyoka, ingawa ni jamii zinazotofautiana sana kwa maisha na chakula. Akari wote si wadudu kwa maana ya kisayansi. Aliyekomaa ana miguu minane kama buibui, na lava ana sita.

Kupe ni wa kundi hilohilo. Papasi (Ornithodoros moubata), anayejificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kueneza homa ya papasi, naye ni kupe laini, wala hahusiani na reptilia wa kufugwa.  

Utitiri wa nyoka

Aina inayojulikana kuliko zote ni Ophionyssus natricis, iliyoelezwa na Gervais mwaka 1844. Leo imeenea dunia nzima, kila mahali wanapofugwa nyoka. Jike aliyeshiba ni mweusi au mwekundu uliokoza, urefu wake ni kama milimita 1, na anafanana sana na mbegu ya mchicha. Ambaye hajala ni wa rangi ya majani makavu, na si rahisi kumwona.

Maisha yake yana hatua tano: yai, lava, nimfu wa kwanza, nimfu wa pili na mkomavu. Nimfu wa kwanza na mkomavu ndio tu wanaonyonya damu. Lava na nimfu wa pili hawali kitu. Jike hutaga mayai 60 hadi 80, naye hayatagi juu ya nyoka: hushuka na kuyaficha katika nyufa za sanduku, chini ya magome na kwenye mishono ya mfuko. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi na unyevu mwingi mzunguko wote huchukua siku 13 hadi 19. Kwa sababu hiyo anayemwosha nyoka peke yake, akamrudisha katika sanduku lilelile, hurudi kuanza upya baada ya wiki mbili, na kwa kawaida hulilaumu duka la dawa.

Dalili ya kwanza huonekana kwa tabia. Nyoka asiyependa maji hukaa ndani ya bakuli mchana kutwa. Huacha kula, hujisugua, na ngozi yake hutoka vipandevipande badala ya kuvuka nzima kama soksi. Ukimtazama kwa karibu, magamba yanayozunguka macho yamevimba na vidoa vyeusi vimejipanga katika mfereji wa chini ya kidevu. Vumbi jeupe mgongoni ni kinyesi cha utitiri. Kipimo rahisi ni kumpitisha nyoka katika kitambaa cheupe kilicholowa kidogo, kisha kukiangalia kwenye mwanga. Maji ya bakuli nayo hutoa ushahidi, maana wengi huzama humo.

Nyoka mdogo anaweza kufa kwa kuishiwa damu. Mwanasayansi Camin alionyesha mwaka 1948 kwamba utitiri huu hubeba bakteria Aeromonas hydrophila kutoka nyoka mmoja hadi mwingine, na kusababisha sumu ya damu ambayo imemaliza mabanda mazima.

Newala na biashara ya nyoka

Uwanda wa juu wa Makonde, wenye vichaka vizito na mikorosho, una koboko wa kijani (Dendroaspis angusticeps) na kifutu mkubwa wa Bitis gabonica kwa wingi usio wa kawaida. Aliyeutangaza wingi huo duniani ni C. J. P. Ionides (1901–1968), Mwingereza wa ukoo wa Kigiriki, aliyewahi kuwa askari, kisha jangili wa pembe za ndovu, kisha kuanzia mwaka 1933 mlinzi wa wanyamapori wa serikali ya Tanganyika. Alikuwa mtu mkaidi, mpenda upweke na hodari kupita kiasi. Mchango wake katika kuijenga Hifadhi ya Selous ni mkubwa kuliko wa mtu mwingine yeyote wa enzi zake. Kusini alijulikana kama Bwana Nyoka.

Makazi yake yalikuwa Liwale, lakini Newala ndiko alikorudi tena na tena kutafuta koboko na vifutu. Wanakijiji walimpelekea habari kwamba nyoka yuko katika mwembe fulani au mkorosho fulani, naye alifika na mti mrefu wenye koleo mwishoni. Nyoka waliingia katika mifuko ya kitambaa, kisha katika masanduku ya mbao, wakasafiri kwenda makumbusho, bustani za wanyama na maabara zilizohitaji sumu kwa ajili ya kutengeneza dawa ya kuumwa na nyoka. Alan Wykes aliandika kitabu juu yake mwaka 1960, na Margaret Lane mwaka 1963. Mjusi asiye na miguu aishiye ardhini, Loveridgea ionidesii, aliyeelezwa na Battersby mwaka 1950, ana jina lake.

Kwa mada ya utitiri, jambo la maana ni mfuko. Nyoka wa porini mwenye majike wawili watatu wa utitiri hana shida nao, kwani hulala leo hapa na kesho pale, na watoto wa utitiri hubaki nyuma bila mwenyeji. Akifungiwa wiki tatu katika mfuko uliotumika kwa wenzake, kizazi kizima humkuta palepale. Biashara iliyowakusanya nyoka wa Newala, Tanga na nchi za jirani katika ghala moja kabla ya safari ilivifaa vimelea hivi kuliko mazingira yoyote ya asili.

 

Kupe wa kobe na kenge

Kobe, kenge na chatu hubeba kupe wa jenasi Amblyomma: A. nuttalli na A. sparsum kwa kobe, A. exornatum kwa kenge, A. latum kwa nyoka. Hawa huonekana bila kioo cha kukuzia. Hujibana kwenye mikunjo ya shingo, kwapani na kwenye mkia, na kwa nyoka hujiingiza chini ya gamba kiasi cha kufanana nalo. Hung'olewa mmoja mmoja kwa kibano kilichoshikwa karibu na ngozi, kwa kuvuta taratibu bila kuzungusha.

Kupe wa kobe waliwahi kuitikisa sera ya biashara ya Marekani. Huko Florida ilibainika kwamba A. sparsum waliotoka kwenye kobe wa Afrika walibeba vimelea vya ugonjwa wa maji moyo, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ambao haumo katika bara la Amerika. Machi 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza aina tatu za kobe wa Afrika, wakiwemo kobe chui na Kinixys belliana, na hawa wawili wapo Tanzania.

Jongoo na wapangaji wake

Jongoo mkubwa wa Afrika Mashariki, Archispirostreptus gigas, alielezwa na Peters mwaka 1855 kutokana na vielelezo vya Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Hufikia urefu wa sentimita 30 na zaidi. Mvua za kwanza zinaponyesha Newala huvuka njia kwa makumi, na watoto humgusa ili ajiviringishe, kisha hubaki na doa la kahawia vidoleni kutokana na umajimaji wake mkali.

Karibu kila jongoo wa porini ana utitiri: vidoa vyepesi, vyeupe au vya kahawia, vinavyokimbia kati ya miguu na kuzunguka kichwa. Hawa hawanyonyi damu. Hula makombo, ukungu na uchafu ulioganda kwenye viungo vya mwenyeji wao, na jongoo aliyenao huishi vizuri kabisa. Wafugaji wanaotoka kwenye nyoka kuingia kwenye jongoo hufanya kosa lilelile: huona kitu kinatembea, hutafuta dawa. Jongoo aliyepuliziwa dawa ya kupe hufa kabla ya utitiri wake.

Utitiri mwingine si mpangaji bali abiria. Aina za nafaka na za vitu vinavyooza hugeuka nimfu asiye na mdomo wa kulia, mwenye vinyonyeo tumboni, ambaye hujibandika juu ya mnyama ili abebwe hadi penye chakula. Wakilifunika ganda la jongoo kama unga, maana yake ni kwamba udongo wa sanduku umelowa mno au matunda yameachwa yaoze. Tiba ni kuubadilisha udongo, kupunguza maji na kuondoa mabaki. Kipande cha tango kilicholazwa juu ya udongo usiku huwavuta wengi, na asubuhi hutupwa pamoja nao. Waliobaki hupanguswa kwa brashi laini.

Nge, buibui na konokono

Kanuni ni ileile ya jongoo: utitiri mwingi ni wapangaji au abiria tu. Lakini utitiri uliojipanga kwenye milango ya mapafu ya kitabu, yaani matundu ya kupumulia chini ya tumbo la nge na buibui wakubwa, ni hatari. Konokono wakubwa wa Afrika Mashariki hupata utitiri mweupe wa jenasi Riccardoella, unaoingia na kutoka katika tundu la pafu.

Tiba

Kwa nyoka na mijusi hatua ya kwanza ni kumtenga mgonjwa na kumweka juu ya karatasi nyeupe isiyo na pa kujificha. Huogeshwa katika maji ya vuguvugu yanayofika shingoni kwa muda wa nusu saa. Utitiri hupanda kichwani kukwepa maji, na huko hufutwa kwa pamba yenye mafuta ya kula, macho yakilindwa. Mahali ambapo maji bado huhesabiwa kwa ndoo, kama ilivyo kwa vijiji vingi vya uwandani, beseni la nyoka ni anasa. Sanduku huoshwa kwa maji yanayochemka, mbao zenye nyufa huchomwa, na mifuko huchemshwa. Kazi hurudiwa kwa wiki tatu bila kuruka.

Dawa zinazopatikana kwa urahisi Newala na Masasi ndizo zinazohitaji tahadhari kubwa. Salfa ya unga, ambayo kila mkulima wa korosho anayo kwa ajili ya ubwiriunga, huua utitiri kweli, na imetumika kwa kazi hiyo duniani tangu zamani. Lakini ndani ya sanduku lililofungwa huwasha macho na mapafu ya mnyama, na vumbi lake huziba matundu ya kupumulia ya jongoo. Dawa za kuogesha mbuzi na ng'ombe zimepimwa kwa ngozi ya mbuzi na ng'ombe, si kwa magamba. Ivamektini, ambayo wakazi wa Mtwara wanaijua kutokana na kampeni za kugawa dawa za matende, hutumiwa na baadhi ya madaktari wa mifugo kwa nyoka kwa vipimo vidogo. Kwa kobe ni sumu: humpoozesha na kumuua, hata kwa kiasi kinachomfaa mnyama mwingine.

Kwa nge, buibui na jongoo hakuna dawa ya kuua utitiri iliyo salama, kwa kuwa kinachomuua kimelea humuua na mwenyeji, hasa pale wote wawili ni araknida. Ng'ambo hutumika utitiri mwindaji, Stratiolaelaps scimitus, ambaye huachiwa katika udongo awale wenzake na hufa njaa wanapokwisha.

Athari kwa binadamu

Utitiri wa nyoka huweza kumuuma mfugaji na kumwachia vipele vinavyowasha mikononi na kiunoni. Hauzaliani juu ya binadamu.

Hali ya sasa

Ufugaji wa reptilia kama starehe ni mdogo sana nchini. Wanaowatunza kwa wingi ni vituo vya maonyesho, kama Meserani Snake Park karibu na Arusha, na kwa upande wa Kenya Bio-Ken ya Watamu pamoja na Snake Park ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961. Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi Mei 2016. Juni 2022 lilitolewa tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kumalizia wanyama waliobaki mikononi mwao, nalo likasitishwa baada ya siku chache.