Bibi Akivunjika Nyonga, Kitanda Si Dawa

Wasee, bibi yangu wa Msambweni aliteleza bafuni. Nyonga ikavunjika, na sisi tukamlaza nyumbani wiki tatu tukimkanda na mafuta ya nazi. Mimi nilikuwa mmoja wa wakandaji. Mkiniambia "pole, ni uzee," sikubali tena, kwa sababu nimekaa nikaisoma historia ya huu mfupa. (Chuo niliacha, kusoma sikuacha.)

Zamani hata Ulaya walifanya kama sisi. Mzee alilazwa, mguu ukafungwa uzito wa kuuvuta, wiki kwa wiki. Wengi hawakuuliwa na mfupa. Waliuliwa na nimonia, vidonda vya kulala na damu kuganda. Tena shingo ya paja ni mahali pabaya: mishipa inayolisha kichwa cha mfupa inapita hapo hapo. Ikikatika, kichwa kinakufa. Kanda mpaka mikono ichoke, hakiungi.

Mwaka 1925 kule Boston, daktari Smith-Petersen akaanza kushika mfupa kwa msumari wa chuma wenye mbawa tatu, ili mgonjwa aamke. 1940 Austin Moore wa South Carolina akatoa sehemu ya juu ya paja la mgonjwa, akaweka chuma. Kile alichobuni baadaye, miaka ya 1950, bado kinatumika sehemu nyingi za Afrika. Halafu 1962 Mwingereza John Charnley akapata kiungo kizima: kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki.

Leo mfupa usiohama unatiwa skrubu. Shingo ikihama kwa mzee, anawekewa nusu nyonga au nzima. Ukivunjika chini ya shingo, ni bamba au chuma ndani ya mfupa. Na Uingereza wanataka apasuliwe siku ile ile au kesho yake.

Kesho yake! Sisi wa huku ng'ambo ya Likoni tulizoea kusubiri feri kwanza. Sasa Dongo Kundu kuna barabara, na Msambweni kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Pesa ni shida, sikatai. Lakini wiki zetu tatu hazikuliwa na pesa wala feri, zililiwa na "tungoje tuone." Na mguu ulikuwa umefupika, umegeukia nje, kila mtu anauona! Hapo hukandi, humsimamishi. Unatafuta gari, aende akapigwe eksrei.

Mwishowe bibi alipasuliwa. Anafika mlangoni na fremu yake, na bado anawaambia majirani mikono yangu ndiyo iliyomponya. Mimi nanyamaza tu.