Sauti ya Eliza
Mwaka 1956 Julie Andrews aliigiza Eliza jukwaani New York katika My Fair Lady, mchezo wa nyimbo, na wapenzi wa mchezo ule wakaihesabu sehemu hiyo kuwa milki yake. Filamu ilipotoka mwaka 1964, Eliza alikuwa Audrey Hepburn, nyota wa sinema. Lakini nyimbo zake nyingi ziliimbwa na Marni Nixon, ambaye jina lake halikuandikwa. Wahakiki wengi waliisifu filamu. Wapenzi wa jukwaa walinung'unika kuwa wamepewa uso bila ya sauti. Manung'uniko yao yalikuwa na haki, ila yalimwangukia asiyestahili, maana Hepburn alijifunza nyimbo zile kwa nia ya kuziimba mwenyewe. Nayo hadithi, ajabu, ni ya muuza maua afundishwaye usemi usio wake! Mwaka 1965 filamu ilipata tuzo 8 za Oscar. Hepburn hakuteuliwa hata kushindania, na tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilimwendea Andrews, kwa Mary Poppins.