Dizeli ya Bandari Mbili: Safari ya Afrika Mashariki Kuelekea Kiwango Kimoja cha Salfa

Dizeli inayochomwa na malori ya Kampala, Kigali na Bujumbura haisafishwi katika miji hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa yake hupakuliwa melini Mombasa au Dar es Salaam, na ile ya Mombasa husukumwa hadi Nairobi kwa bomba lililoanza kazi mwaka 1978, kisha huendelea hadi Eldoret na Kisumu kabla ya kupakiwa kwenye malori ya matangi yanayovuka mipaka. Kutokana na hali hiyo, nchi isiyo na bandari hupokea kile ambacho jirani yake amekubali kipakuliwe, na hakuna serikali iliyoweza kujiamulia peke yake usafi wa dizeli yake. Moshi wa dizeli ulianza kushughulikiwa ipasavyo pale serikali za kanda zilipoukubali ukweli huo.

Kiini cha suala ni salfa, elementi iliyomo kiasili katika mafuta ghafi, ambayo hupimwa kwa kuhesabu ni sehemu ngapi zinapatikana katika kila sehemu milioni moja za mafuta. Ikiungua ndani ya injini hugeuka dioksidi ya salfa, gesi inayowasha koo na kubana pumzi, na sehemu ya gesi hiyo huwa chembechembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Dhara jingine, ambalo halionekani kwa macho, huupata mfumo wa kusafisha moshi wenyewe: katika ekzosi ya gari la kisasa kuna kichocheo, yaani kifaa kilichopakwa madini kama platinamu ili kuzigeuza gesi zenye sumu, na nyuma yake kuna chujio la kunasa masizi, lakini salfa huyafunika madini hayo yakapoteza nguvu, na chujio likaziba. Gari lililotengenezwa kwa viwango vikali likitiwa dizeli chafu halitofautiani sana na gari kuukuu, na kwa sababu hiyo usafi wa mafuta ulipaswa kuutangulia usafi wa magari. Uzito wa jambo hili ulithibitishwa mwaka 2012, pale wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani alipouweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mfano wa ushirikiano ulikwishapatikana katika petroli. Mwaka 2001 nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuondoa risasi katika petroli, na mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Johannesburg kuhusu maendeleo endelevu, ukaundwa ubia wa kimataifa wa mafuta na magari safi, uliozikutanisha serikali, kampuni za mafuta, watengenezaji wa magari na asasi za kiraia, huku uratibu wake ukifanywa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kutoka makao yake makuu Nairobi. Kufikia Januari 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa karibu kote katika eneo hilo, na macho yakageukia salfa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa Changamwe, Mombasa, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kilichoanza kazi mwaka 1963, ambacho mitambo yake haikuwa na uwezo wa kuondoa salfa kwa kiwango kilichotakiwa. Kampuni za mafuta nchini Kenya zililazimika kusafishia hapo sehemu ya mafuta yao, hivyo kukaza kiwango kungemaanisha ama kugharimia mitambo mipya ama kukifunga. Essar ya India, iliyokuwa na nusu ya hisa tangu 2009, iliona uboreshaji haulipi ikaamua kujitoa mwaka 2013, na mwaka huohuo usafishaji ukasimama. Kwa wafanyakazi wa Changamwe hilo lilikuwa pigo zito, nalo halistahili kusahauliwa. Kwa mapafu ya wakazi wa miji, mlango ulikuwa umefunguka.

Tarehe 1 Januari 2015, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilianza kutumia kiwango kimoja cha sehemu 50 kwa milioni, ilhali awali viwango viliruhusu 500 au zaidi. Ulaya ilikuwa imefikia 50 mwaka 2005 na kushuka hadi 10 mwaka 2009, kwa hiyo kanda ilikuwa nyuma kwa miaka kumi, lakini ilizitangulia nchi nyingi za bara la Afrika. Utekelezaji ulirahisishwa na uagizaji wa pamoja, ambapo mshindi wa zabuni alileta shehena kwa niaba ya kampuni nyingine: sampuli zilichukuliwa melini na kupimwa kabla ya kupakua, na shehena moja ikikataliwa ilikuwa imekataliwa kwa wote. Kwa kulinganisha, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika Magharibi ilipitisha kiwango hichohicho cha 50 mwaka 2020.

Hata hivyo mafuta safi hayaziponyi injini zilizochoka. Mabasi na malori mengi huingia yakiwa yametumika kwingine, mengine yakiwa yameng'olewa chujio, na ukaguzi wa moshi barabarani ungali hafifu. Serikali zilizoweza kukubaliana kuhusu kilichomo ndani ya tangi zinadaiwa sasa makubaliano ya aina hiyohiyo kuhusu kinachotoka kwenye ekzosi, yakiwa na vipimo, vituo vya ukaguzi na tarehe ya kuanza.