Nyimbo Zilizobaki

Siamini kuwa Mungu yuko. Nalisema jambo hili bila kiburi, maana nimekulia Gerezani, ambako mtoto husikia sauti za waumini kabla hajajua dini ni kitu gani. Alfajiri ilikuja na adhana kutoka Kariakoo. Mfungo sita majirani walisoma Maulidi ya Barzanji, dufu zikilia hadi usiku mkubwa. Jumapili kwaya iliimba kwa sauti nne. Waislamu hawaiiti adhana muziki, nami siwabishii. Lakini sikio la mtoto halikuujua mpaka huo.

Imani iliponitoka, sauti hizo zilibaki. Kwa nini?

Jibu naliona katika historia ya mitaa yenyewe. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipiga kambi mahali ambapo jina lao lingalipo: Kariakoo. Baada ya vita walikuja watu wa makabila mengi, wakitafuta kazi relini, bandarini na sokoni. Mtu aliyeuacha ukoo wake mbali alihitaji wa kucheka naye na wa kumzika. Wengine waliingia katika ngoma ya beni, Marini au Arinoti. Wengine wakashika maulidi au kwaya. Nyimbo zenyewe zilikuwa ngeni kama wao: Barzanji alikuwa mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18, na nyimbo za Kilutheri zililetwa na wamisionari wa Kijerumani, waliofika mjini mwaka 1887. Hapa zikawa za nyumbani, kwa kuwa walioziimba pamoja walifanyika ndugu.

Hata taifa lilipita njia hiyo. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu Mmethodisti wa Afrika Kusini, alitunga wimbo wa sala. Mwaka 1961 Tanganyika huru iliuchukua muziki wake na kuutia maneno ya Kiswahili. Basi nchi ambayo serikali yake haina dini ina sala kwa wimbo wake wa taifa, nami husimama nikaiimba.

Je, huo si unafiki? Rafiki yangu mmoja muumini huniambia kuwa nakula matunda na kuukana mti. Deni nalikubali: bila waumini waliofanya mazoezi usiku baada ya kazi, nisingerithi kitu. Ndiyo maana siwadhihaki. Lakini wimbo hubeba mambo mawili: dai juu ya mbinguni, na ahadi kwa aliye pembeni yako. Dai silikubali, ahadi naitimiza. Jirani akifiwa, nasimama kaburini na kuimba besi, ili asikie kuwa hayuko peke yake.

Siku yangu ikifika, wataimba juu yangu maneno nisiyoyaamini. Wanangu wameniuliza kama nitaacha wosia wa kuyakataza. Nimewajibu hapana. Siku hiyo wimbo hautakuwa wangu, utakuwa wao.