KANISA KATI YA WANAFUNZI
Habari za Uchungaji katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi



Jubilei ni wakati wa kutoa asante, na hakuna asante ya kweli bila ukumbusho. Katika kitabu hiki mmekwisha kusoma habari za mapadri, masista, makatekista na wazee waliojenga Kanisa la muji wetu. Yafaa tuweke pia habari za kundi moja ambalo husahauliwa upesi, maana halina wazee wa kulisimulia: wanafunzi wa masomo ya juu.

Parokia ya kawaida ina mababu wake. Mtoto akiuliza nani alipanda mwembe ulio mbele ya kanisa, atapata mtu wa kumjibu. Lakini pale Kasapa, kwenye nyumba za wanafunzi, watu hubadilika daima. Anayeongoza sala leo, baada ya miaka michache amepata diploma yake na amekwenda zake Kolwezi, Kinshasa au ng'ambo. Kwa hiyo kila kizazi hudhani kwamba mambo yalianza nacho. Hivyo sivyo. Wengine walitangulia kulima, wakalima katika udongo mgumu.

I. CHUO KILICHOZALIWA BILA ALTARE

Kanisa lilifika kwetu mapema. Wabenediktini wa Saint-André wa Bruges walikuja Katanga mwaka 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye aliongoza misioni, na baadaye akiwa Askofu, mpaka kufa kwake mwaka 1958. Wasalesiani wa Don Bosco walifuata mwaka 1911. Shule karibu zote za watoto weusi zilikuwa mikononi mwa misioni.

Lakini chuo kikuu hakikutoka mikononi humo. Mwaka 1954 Wakatoliki walifungua Lovanium huko Léopoldville, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka ule ule Ubeleji ilipata serikali ya Waliberali na Wasosialisti, na waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alitaka shule za serikali zisizokuwa chini ya mapadri. Ugomvi wa shule uliokuwa ukiwaka Ubeleji ukavuka bahari. Kwa amri ya mwaka 1955 kikaanzishwa chuo kikuu cha serikali hapa Elisabethville, na masomo yakaanza mwaka 1956. Kinshasa ilikuwa na chuo cha Kanisa. Sisi tulikuwa na chuo cha serikali.

Wakristu wengi waliona jambo hili kuwa hasara. Tukitazama leo, twaona kwamba lilileta pia somo. Mahali ambapo sheria haimlazimishi mtu kusali, anayesali husali kwa hiari yake. Mwanafunzi wa Elisabethville hakuweza kuegemea desturi ya chuo chake. Ilimpasa kujua mwenyewe kwa nini anaamini. Na padri aliyemtembelea hakuja kama mkubwa wa shule, alikuja kama mgeni na ndugu.

II. KUONA, KUPIMA, KUTENDA

Duniani kote Kanisa lilikuwa limekwisha kufikiri juu ya wanafunzi wa namna hii. Pax Romana, umoja wa wanafunzi wakatoliki wa nchi nyingi, ulianza Fribourg, Uswisi, mwaka 1921. Padri Joseph Cardijn wa Ubeleji alianzisha chama cha vijana wafanyakazi mwaka 1925, na kwa mfano wake kikazaliwa chama cha vijana wanafunzi. Njia yake ilikuwa ya maneno matatu: kuona, kupima, kutenda. Kwanza tazama mambo yalivyo. Kisha yapime kwa Injili. Mwishoni fanya kazi. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII aliisifu njia hii katika barua yake Mater et Magistra.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliendelea mbele. Katika tangazo lake juu ya elimu, la mwaka 1965, uliwaagiza maaskofu wasiwaache wanafunzi wa vyuo visivyo vya Kanisa, bali wawawekee nyumba na makundi yenye mapadri, watawa na walei waliotayarishwa vema, ili wapate msaada wa roho na wa akili pia. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ikasema wazi kwamba Askofu aweza hata kuwapa parokia yao. Basi mchungaji wa wanafunzi ni mtu aliyewekwa na Kanisa zima kwa kazi hiyo. Hatumwi huko kwa kuwa amekosa kazi nyingine.

Katanga ilikuwa na zawadi yake yenyewe. Padri Placide Tempels, Mfransisko, ambaye kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitoka hapa Elisabethville mwaka 1945, aliona Jamaa ikizaliwa kati ya wafanyakazi wa Kolwezi tangu mwaka 1953. Mume na mke walikaa pamoja na padri, wakizungumza kwa Kiswahili juu ya uzima, uzazi na mapendo. Baadaye Jamaa ilipata magumu yake, na maaskofu ilibidi waiweke katika taratibu. Hata hivyo ilionyesha jambo ambalo msomi hapaswi kulisahau: Kiswahili cha migodini kiliweza kubeba mawazo mazito juu ya Mungu. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyetoa kitabu juu ya Jamaa mwaka 1971, alifundisha hapa Lubumbashi katika miaka iliyofuata. Hivyo imani ya mafundi na wake zao ikawa somo la kuchunguzwa chuoni. Msomi aliyezoea kumfikiria Mungu kwa Kifaransa tu alipaswa kuona haya kidogo.

III. WAKATI WA AMRI

Mwezi wa Agosti 1971 serikali iliunganisha vyuo vitatu, Lovanium ya Wakatoliki, chuo cha Waprotestanti cha Kisangani, na chetu, vikawa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa, UNAZA. Lubumbashi ilipewa masomo ya lugha na maandishi, na masomo ya maisha ya jamii. Kwa sababu hiyo vijana wa nchi nzima walimiminika Kasapa: Wakongo wa Bas-Zaïre, Wangala wa Équateur, Washi wa Kivu, Waluba wa Kasai. Katika Misa moja zilisikika lugha kumi. Kundi la sala likawa nchi nzima kwa udogo.

Lakini wakati ule ule mkono wa chama kimoja ulikuwa mzito. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa. Aliyeitwa Joseph au Marie ilimpasa kujiandikisha kwa jina la mababu peke yake. Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Vyama vya vijana vya Kanisa vilifungwa, ikabaki JMPR, chama cha vijana cha serikali. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku kuu za taifa, masomo ya teolojia yakatolewa chuoni, na mwishoni mwa mwaka shule za Kanisa zikachukuliwa. Zilirudishwa kwa mapatano ya mwaka 1977.

Katika giza hilo Askofu Mkuu wetu, Mgr Eugène Kabanga Songasonga, hakunyamaza. Mwaka 1976 aliandika barua ya kichungaji yenye jina la Kifaransa « Je suis un homme », yaani, Mimi ni mtu. Alilaumu kiu ya fedha inayomgeuza mtu kuwa muuaji wa mwenzake, na tabia ya kila mwenye cheo kidogo kumkandamiza aliye chini yake. Kwa mwanafunzi barua hii ilikuwa mtihani mkubwa kuliko ule wa profesa, kwa maana ni yeye aliyekuwa akitayarishwa kushika vyeo hivyo. Je, diploma yake itakuwa fimbo au taa?

IV. PEPO ZA SALA

Mwaka 1967, huko Pittsburgh, Marekani, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Duquesne walikaa katika mafungo wakiomba Roho Mtakatifu. Hapo ndipo ulipoanza Uamsho wa Karismatiki katika Kanisa Katolika. Vilevile waprotestanti walikuwa na vikundi vya Biblia vya wanafunzi, vilivyounganishwa duniani tangu 1947. Katika miaka ya 1970 na ya 1980 pepo hizi zote mbili zilivuma Zayire. Vikundi vya sala viliongezeka Lubumbashi, na wasomi hawakubaki nyuma.

Faida yake ilionekana: Biblia ilifunguliwa, na mlei alijifunza kuomba kwa maneno yake mwenyewe. Hatari ilionekana pia, kwa kuwa mtu aweza kukesha katika sala ili asione shida ya jirani.

Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye heri mjini Kinshasa, na siku iliyofuata alifika Lubumbashi. Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, alikuwa na miaka ishirini na kitu tu, umri wa wanafunzi wenyewe. Alisali, na aliposhurutishwa alisimama. Ndani yake sala na ushujaa havikutengana.

V. USIKU WA MEI 1990

Tarehe 24 Aprili 1990 Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wanafunzi walifikiri uhuru umefika. Pale Kasapa, wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali walikamatwa na kupigwa na wanafunzi. Kisha, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, umeme ulikatwa, na watu wenye silaha waliingia katika nyumba za wanafunzi. Walioponyoka walieleza kwamba washambuliaji walitumia neno la siri ili kuwaacha vijana wa jimbo la Rais. Serikali ilikubali kifo kimoja. Wengine walihesabu makumi, hata mamia. Hesabu haikupata kukubaliwa na wote mpaka leo. Ubeleji ilidai uchunguzi wa kimataifa, na ushirikiano wake na Zayire ukavunjika.

Tukumbuke usiku ule kwa heshima na kwa kweli. Kweli ya kwanza ni kwamba damu ilimwagwa na wenye nguvu. Kweli ya pili ni chungu zaidi: kabla ya askari kufika, mwanafunzi alikuwa amekwisha kumwinulia mwanafunzi mkono. Serikali iliyopanda wapelelezi kati ya ndugu ilikuwa imevuna woga na kisasi. Mkristu anayewaombea marehemu wa Kasapa aombe pia moyo usiogeuka kuwa kama wa yule anayemtesa.

Somo hilo lilihitajiwa upesi. Miaka ya 1992 na 1993, hapa Katanga, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu. Jamaa nzima zililala katika stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja gari la moshi. Viti vilibaki wazi madarasani, na katika kwaya pia. Wale waliokuwa wameshiriki mkate mmoja waliulizwa asili ya baba zao. Hapo ilijulikana ni nani aliyeielewa Ekaristia, na ni nani aliyeipokea kama desturi.

VI. KAZI INAYOBAKI

Tangu mwaka 1981 UNAZA imekwisha kugawanyika, na chuo chetu ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU. Vyama havifungwi tena na serikali. Kinyume chake, vikundi vya sala ni vingi, na kila kimoja chavuta wake. Jaribu la leo si amri ya kukataza. Ni sala isiyofika mezani kwa mtihani, wala ofisini mwa hakimu, wala hospitali kwa mgonjwa asiye na fedha. Anayekesha usiku akiimba, kisha akanunua alama asubuhi, ametengua kwa mkono alichojenga kwa mdomo.

Kwa hiyo, wazazi, msiwatume watoto Kasapa na karo tu; watumeni na imani waliyoiona kwenu. Nanyi wanafunzi, ulizeni habari za waliowatangulia, maana mnaishi katika nyumba zao. Chuo chetu kilizaliwa bila altare. Altare yake imejengwa kwa watu, na kila kizazi chapaswa kuleta jiwe lake.

Roho Mtakatifu, mwenye kutoa akili na mapendo, awape raha ya milele waliolala, na hekima wale wanaosoma. Amina.