Panya miski na utegaji wake wakati wa barafu

Panya miski ni mgugunaji wa majini mwenye asili ya Amerika Kaskazini. Utegaji wake ni kazi ya kumnasa kwa ajili ya manyoya na nyama, na hufanywa hasa Kanada na Marekani tangu madimbwi yanapoganda hadi barafu inapokatika. Vitabu vya historia ya biashara ya manyoya humpa biva, mgugunaji mwingine wa majini, kurasa za mbele, naye anastahili. Lakini ukihesabu ngozi badala ya fedha, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hakuna mnyama wa manyoya aliyenaswa kwa wingi barani humo kama huyu. Ngozi yake ni ya bei ndogo na mtego wake ni mwepesi, ndiyo maana vijana wengi wa vijijini huko walianzia kwake kabla ya kuthubutu kumtega mnyama mkubwa.

Jina na umbo

Kiswahili hakina jina la asili la mnyama huyu, kwa kuwa mwenyewe hajafika kwetu. "Panya miski" linafuata maana ya majina ya Kiingereza na Kifaransa, nalo linaeleweka, maana miski tunaijua. Jina la kitaalamu, Ondatra zibethicus, lina kisa kizuri zaidi. Neno la kwanza limetoka katika lugha ya Wahuron, wenyeji wa eneo la Maziwa Makuu ya Amerika. La pili ni Kilatini kilichotokana na neno la Kiarabu zabad, lilelile lililotupa sisi zabadi, yale mafuta mazito ya ngawa yanayotiwa katika manukato. Panya miski naye ana tezi za harufu karibu na shina la mkia, na dume huzitumia majira ya kuchipua kuweka mipaka ya eneo lake.

Kwa ukoo yu karibu na lemingi kuliko panya wa darini. Uzito wake, kati ya kilo moja na moja na nusu kwa kawaida, ni sawa na wa panya buku, wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Mkia hauna manyoya, una magamba, na ni bapa kwa ubavu kama upanga uliosimamishwa kwa makali yake. Midomo hufunga nyuma ya meno ya mbele, hivyo anaweza kukata mizizi chini ya maji bila kumeza maji. Akilazimika, hukaa chini kwa dakika 15 hivi bila kuvuta pumzi.

Manyoya yake ni ya tabaka mbili. Juu kuna nywele ndefu, ngumu, zenye kung'aa. Chini yake kuna sufu laini iliyosongamana, inayoshika hewa hata maji yasiiguse ngozi. Sufu hiyo hukomaa mwishoni mwa majira ya baridi, na mnunuzi haangalii manyoya kwanza bali upande wa ndani wa ngozi: ikiwa nyeupe ya maziwa, imekomaa, ikiwa na mabaka ya buluu iliyokoza, mnyama alinaswa mapema wakati manyoya bado yanaota, na bei inashuka hapohapo.

Chini ya barafu

Mnyama huyu halali usingizi wa majira ya baridi kama wagugunaji wengine wa nchi za baridi, wala haweki akiba kubwa ya chakula kama biva. Kila siku hana budi kutoka pangoni au katika kibanda chake cha matete, kuogelea gizani chini ya barafu, na kutafuta mizizi na majani ya majini. Shida yake ni pumzi. Malishoni ni mbali, na juu yake kuna paa la barafu ambalo Yukon au Manitoba linaweza kuwa nene kama urefu wa mtoto.

Huitatua shida hiyo mapema. Barafu ikiwa bado changa, mwezi wa Oktoba, hutafuna tundu, kisha husukuma juu majani na mimea mingine ya majini kupitia tunduni. Rundo lile huganda nje na kuwa kichuguu kidogo chenye uwazi ndani, na theluji hukifunika kama blanketi. Humo hupumua, hukaa kwenye kibaraza cha matope, hula alichochuma, kisha huzama tena. Kwa kupita mara kwa mara hulizuia tundu lisigande. Familia moja huwa na vichuguu kadhaa vilivyotawanyika ziwani, na kwa macho ya mgeni si kitu ila vinundu vya theluji.

Mtegaji mzoefu wa kaskazini huvizungukia mwanzoni mwa majira ya baridi, theluji ikiwa bado kidogo, na kuchomeka kijiti cha mwerebi kando ya kila kimoja. Hurudi Machi au Aprili kufuata vijiti vyake. Hukata kichuguu upande mmoja kwa shoka dogo, kipande kizima, kama anayekata kifuniko cha dafu. Ndani mna shimo jeusi la maji lenye upana wa bakuli, mvuke mwembamba unapanda, na kibarazani kuna majani yaliyotafunwa ambayo bado ni mabichi. Huweka mtego pale pale ukingoni, mnyororo akaufunga kwenye kijiti kilicholazwa nje, akarudisha kifuniko na kuziba kila ufa kwa theluji. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayomtofautisha fundi na mwanafunzi. Ufa mmoja ukiachwa, baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri huligandisha shimo. Mnyama hukosa pa kupumulia na mtegaji hukosa pa kutegea. Aliyenaswa hupiga mbizi kwa silika, na uzito wa chuma humzuia asirudi juu.

Kusini zaidi, ambako barafu ni nyembamba, njia ni nyingine. Maji yakiganda usiku wa kwanza usio na upepo, barafu huwa angavu kama kioo. Mtegaji huinama na kuitazama. Pumzi za mnyama anayeogelea chini hunasa kwenye barafu kama mapovu meupe, nayo hupanga mstari kutoka mlango wa pango hadi malishoni. Ni barabara iliyochorwa na mpitaji mwenyewe. Hutobolewa tundu juu ya mstari huo na mtego kusimamishwa wima kwenye fito, mlangoni mwa pango au katikati ya mfereji. Mahali pengine hutumiwa kasha la waya lenye vilango viwili vinavyofunguka kwa ndani tu, ambalo laweza kunasa kadhaa kwa usiku mmoja.

Barafu hiyohiyo huua. Karibu na vibanda na kwenye mifereji inayopitwa sana huwa nyembamba, kwa sababu wanyama wenyewe huyavuruga maji, na theluji juu yake huficha kila kitu. Ndiyo maana mtegaji hutembea akigonga mbele yake kwa chuma kirefu mfano wa mtaimbo, akisikiliza mlio. Hatari nyingine ni tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoingia kupitia mkwaruzo mkononi wakati wa kuchuna. Glavu si anasa.

Wanyama wengine wa manyoya

Kila mnyama ana mtego wake. Biva naye hutegwa chini ya barafu, lakini kwa chambo: mti mkavu hubeba matanzi au mtego, na kando yake hufungwa tawi bichi la mpopla. Biva hupita mkavu akaufuata ubichi, na njiani hukutana na waya. Marteni hutegwa juu, ndani ya kijisanduku kilichopigiliwa kwenye gogo lililoinamishwa mtini, ili panya wa msituni wasimtafune kabla mtegaji hajafika. Minki hufuata kingo za vijito, na mashimo ya panya miski humvutia, kwani yeye ni adui yake mkubwa. Linksi huongozwa na udadisi wake, hata unyoya unaoning'inia waweza kumpeleka kwenye tanzi. Mbweha ni mgumu kuliko wote hao, kwa sababu ya pua.

Zana na soko

Mtego wa chuma wa kubana mguu ulifika kila kona ya bara kupitia Sewell Newhouse, mhunzi wa jimbo la New York, ambaye katikati ya karne ya 19 alijiunga na jumuiya ya kidini ya Oneida. Jumuiya hiyo ikageuza mitego yake kuwa kiwanda. Badiliko kubwa lililofuata lilitoka kwa Frank Conibear, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa mtegaji Northwest Territories. Kwa kuchoshwa na kuona wanyama wakiteseka kwa kubanwa mguu mmoja, alibuni fremu mbili za mraba zinazofyatuka kama mkasi na kumbana mnyama shingoni au kifuani. Mtego huo ulianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa panya miski, namba 110, una upana wa sentimita 12 hivi.

Ngozi huchunwa kuanzia nyuma na kuvutwa nzima kama soksi, ikaparwa mafuta, kisha ikavishwa ubao au fremu ya waya hadi ikauke, manyoya yakiwa ndani. Huko mjini ilipewa majina ya heshima. Iliyonyolewa nywele ndefu na kutiwa rangi nyeusi iliuzwa kama "sili wa Hudson", na wanawake wengi wa miaka ya 1920 walivaa koti la panya wakidhani ni la mnyama wa baharini, au wakijua na kunyamaza.

Hudson's Bay Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1670, iliweka hesabu za ngozi kwa karne nyingi. Hesabu hizo ziliwafaa wanasayansi kuliko wenye hisa: mwaka 1942 Charles Elton na Mary Nicholson wa Oxford walizitumia kuonyesha jinsi idadi ya panya miski na ya linksi inavyopanda na kushuka kwa vipindi.

Old Crow

Mahali ambapo utegaji huu ulikuwa kalenda ya jamii nzima ni Old Crow, kijiji cha Wagwich'in kaskazini ya Yukon kisichofikiwa kwa barabara. Kaskazini yake kuna uwanda wa maziwa zaidi ya 2,000, Old Crow Flats, na jina la watu hao, Vuntut Gwitchin, maana yake ni watu wa maziwa. Machi familia zilifunga mbwa na kuhamia huko kwenye mahema, watoto na wazee pamoja. Walitega vichuguu hadi barafu ilipolegea, kisha wakawinda kwa bunduki ndogo kutoka kwenye mitumbwi, na kurudi kijijini Juni kwa njia ya mto. Nyama ilikaushwa, mkia ulichomwa motoni ukaliwa kama kitoweo cha pembeni. Edith Josie, aliyeanza mwaka 1962 kuandika habari za kijiji katika gazeti la Whitehorse Star, aliwafanya wasomaji wa mbali wajue nani amerudi kutoka maziwani na ngozi ngapi. Aliandika Kiingereza chake mwenyewe, na mhariri alifanya busara kukiacha.

Ubishi

Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku mtego wa kubana mguu kwa kanuni ya 1991, iliyoanza kutumika 1995. Mazungumzo na Kanada na Urusi yalizaa mkataba wa 1997 unaopima mitego kwa saa: kwa panya miski, mtego wa kuua hukubaliwa ikiwa angalau asilimia 80 ya wanyama wa majaribio wamepoteza fahamu ndani ya sekunde 300. Wapinzani husema dakika tano ni nyingi mno. Ni hoja nzito, hasa kwa mitego ya kuzamisha.

Lakini Ulaya yenyewe ina panya miski kwa mamilioni, na si kwa bahati mbaya. Mwaka 1905 kabaila Colloredo-Mansfeld aliwaachia wachache karibu na Prague, na wakasambaa. Uingereza iliwawahi: waliotoroka mashamba ya manyoya walimalizwa katika miaka ya 1930. Uholanzi haikubahatika, huko wanatoboa mapango katika kingo zinazozuia maji yasifurike nchi, na bodi za maji huajiri wategaji wa kudumu, wanaowinda mwaka mzima bila kujali ngozi imekomaa au la. Kenya ilionja kisa cha aina hiyo kupitia koipu, mgugunaji wa Amerika Kusini aliyeletwa kufugwa kwa ajili ya ngozi, akatoroka na kuingia Ziwa Naivasha katika miaka ya 1960 kabla ya kutoweka.

Maji

Kwa jinsi jike anavyozaa mara mbili au zaidi kwa mwaka, mitego pekee mara chache humwangusha mnyama huyu. Kinachomwangusha ni kina cha maji. Dimbwi likipungua, huganda hadi chini, na waliomo hufa njaa au hutoka nje wakaliwa na mbweha. Huko Old Crow Flats, Ziwa Zelma lilipasua ukingo wake Juni 2007 na kumwaga sehemu kubwa ya maji yake.

Mfano unaozungumzwa zaidi ni delta ya mito Peace na Athabasca, Alberta, ambako Wakrii na Wadene wa Fort Chipewyan waliishi kwa panya miski. Bwawa la W.A.C. Bennett, mamia ya kilomita juu ya mto Peace huko British Columbia, lilianza kujaa mwaka 1968. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha ukavu uliofuata kimeletwa na bwawa na kiasi gani na hali ya hewa. Wazee wa Mikisew Cree, jumuiya ya Wakrii hao, hawabishani, na malalamiko yao yaliwaleta wakaguzi wa UNESCO mwaka 2016. Madimbwi ya juu ya delta hayapati maji ya mto ila mabonge ya barafu yanapoziba mkondo na kuulazimisha ufurike, kama ilivyotokea 1974, 1996 na 1997. Baada ya mafuriko ya namna hiyo matete huota upya, na misimu michache baadaye vinundu vya theluji huanza kuonekana tena juu ya barafu.